Picha Haishiki: Kutafuta Hitilafu ya Taharuki Kwenye Skripti ya Kusisimua

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye skripti mkononi, au mkato wa kwanza kwenye kompyuta ya mhariri, ambaye anajua kuna kitu hakijakaa sawa. Mauaji yapo, bastola ipo, kufukuzana kupo, hata mvua ya usiku imepatikana bure. Lakini ukiwakalisha watu waitazame, dakika ya 25 wa kwanza anatoa simu, na ikifika ya 35 wote wanaperuzi.

Wengi hukimbilia kuitibu sini ileile iliyowachosha watu. Wanaongeza mlio, wanaongeza damu, wanamwambia mwigizaji apige kelele zaidi. Maji yakidondoka kwenye dari ya sebule, fundi hapigi plasta sebuleni. Anapanda juu kutafuta bomba. Sini iliyopoa dakika ya 70 mara nyingi iliuawa dakika ya 20, kwa jambo ambalo mtazamaji hakuambiwa, au aliambiwa kisha mwandishi mwenyewe akalisahau. Kwa hiyo karibu kila dalili hapa chini itakurudisha nyuma kwenye msuko wa matukio.

Nitatumia kisa kimoja cha kubuni mpaka mwisho. Karani kijana, msichana, anafanya kazi kwenye kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Anaishi Temeke kwa dada yake na shemeji yake. Shemeji ndiye aliyemtafutia hiyo kazi. Siku moja anaona kontena lililoandikwa mitumba, na uzito wa kwenye karatasi haulingani na wa kwenye mizani. Msimamizi wa zamu anamtaka asaini. Shemeji yumo kwenye njama.

Kabla ya kugusa kitu, pima

Tafuta watu wachache wasioijua hadithi. Wasiwe waigizaji wako wala ndugu wa prodyuza. Usiwaulize "mmeionaje?", maana hapa mjini jibu ni moja: "iko poa, hongereni." Isimamishe picha ikifika theluthi ya kwanza, uwaulize swali moja tu: unaogopa nini kitatokea?

Mtu akijibu "sijui", hujampa cha kuogopa. Anza na dalili ya kwanza na ya pili. Akijibu kwa uhakika, "atakamatwa, atatoroka, atashinda", basi mbele yake kuna njia moja na anaiona mpaka mwisho wake. Nenda kwenye dalili ya stelingi, yaani mhusika mkuu. Wakianza kubishana wenyewe, mmoja akidai dada atamsaliti mdogo wake na mwingine akisema dada ndiye atakayekufa, usiguse chochote hapo. Na kama wanaogopa picha itaisha saa ngapi, soma mwongozo wote.

Kisha chukua karatasi uchore safu tatu: mtazamaji, stelingi, adui. Pita sini mojamoja ukiandika kila mmoja anajua nini kufikia hapo. Ukikuta safu zote tatu zinafanana kwa sini nne au tano mfululizo, umepata sehemu iliyokufa. Ni kazi ya jioni moja, inachosha, na sijaona semina ya uandishi inayoifikia.

Dalili: Watu wanaruka kwenye viti, kisha wanarudi kwenye simu

Hii ndiyo hitilafu ninayokutana nayo zaidi kwenye picha zetu za kusisimua, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Mlango unafunguliwa kwa kishindo, mtu anatoka kabatini, watazamaji wanapiga ukelele, wanacheka, wanatulia. Muda mfupi baadaye hakuna kilichobaki. Chanzo chake ni mwandishi kuficha kila kitu, akihofia kwamba mtazamaji akijua mapema utamu utakwisha.

Mwongozaji Alfred Hitchcock alilifafanua jambo hili katika mazungumzo yake marefu na mwongozaji mwenzake François Truffaut mwaka 1962. Watu wameketi mezani wanapiga soga, na chini ya meza kuna bomu. Mtazamaji asipojua, bomu likilipuka amepata mshtuko wa sekunde 15. Lakini kama amemwona mtu akilitega, na saa ya ukutani inaonyesha limebakiza dakika 15, soga ileile ya kipuuzi inageuka mateso ya dakika 15. Anatamani kuwapigia kelele waache porojo, wainame waangalie. Hakuna neno lililoongezwa kwenye sini. Kilichobadilika ni safu ya mtazamaji kwenye ile karatasi yako.

Sasa twende Temeke. Kwenye rasimu ya kwanza ya kisa chetu shemeji anafichuliwa dakika ya 80: kumbe ni yeye! Mtazamaji anasema "aah", basi. Na kwa dakika zote zilizotangulia, shemeji alikuwa mtu wa kukatiza sebuleni na taulo begani. Lete ufichuzi dakika ya 25. Tuonyeshe shemeji ndani ya gari, nje ya geti la bandari, akipokea bahasha kwa msimamizi wa zamu. Karani haoni. Kisha jioni yake weka chakula cha kawaida kabisa: ugali, dagaa, mchicha, televisheni inajiongelea yenyewe. Shemeji anamwanza karani:

"Shemeji, kazini vipi leo?"

"Tunashukuru, shem. Kazi tu."

"Mbona kama una mawazo? Au ni yale mambo ya mitumba?"

Karani hajamwambia mtu yeyote habari za mitumba. Mtazamaji amelinasa hilo papo hapo. Swali ni kama karani naye amelinasa. Na kama amelinasa, je, shemeji ameona kwamba amelinasa? Dada anaongeza mboga, anasema chumvi imezidi kidogo. Hapo huhitaji kinanda wala kisu. Unahitaji mwongozaji mwenye subira ya kuiacha kamera juu ya mkono wa karani unaomega tonge na kulisahau.

Hitchcock mwenyewe alithubutu zaidi ya hapo. Riwaya ya Boileau na Narcejac aliyoitumia kutengeneza Vertigo (1958) inaibana siri yake mpaka mwisho. Yeye aliitoa ikiwa imebaki kama nusu saa: mtazamaji anaambiwa yule mwanamke ni nani, mpelelezi anayempenda haambiwi. Kuanzia hapo hatuulizi tena huyu ni nani. Tunauliza atafanywa nini siku itakapojulikana.

Ajabu ni kwamba mbinu hii wakazi wa Dar wameikulia. Waliokuwa wakizifasiri kwa sauti picha za Kihindi na za Kichina zilizoonyeshwa kwenye vibanda umiza hawakungoja mwongozaji afichue mambo yake. Mfasiri alikutupia mapema kabisa kwamba huyu mwenye shati jeupe mumwangalie vizuri, ndiye atakayemuuza mwenzake. Kibanda kizima kikamkazia macho mwenye shati jeupe kuanzia hapo. Tulipoanza kuandika za kwetu, sijui tuliiacha wapi akili ile.

Tahadhari ya kwanza: zipo hadithi ambazo siri ndiyo injini yake. Mwandishi Muhammed Said Abdulla alipomtembeza mpelelezi wake Bwana Msa kutoka dalili moja hadi nyingine, msomaji alikuwa akichemsha bongo, akitaka kumtangulia mpelelezi kwenye jibu. Huo ni udadisi, na ni raha kamili. Lakini udadisi na hofu havikai vizuri kwenye sini moja: anayepiga hesabu za nani muuaji hana nafasi ya kumhofia anayeandamwa. Amua picha yako inaishi kwa kipi, na kingine kiwe cha pembeni.

Ya pili: ukishampa mtazamaji bomu, mlipe. Katika Sabotage ya mwaka 1936, Hitchcock alimpandisha mtoto kwenye basi akiwa na kifurushi cha bomu asichokijua, akatukamua kwa dakika kadhaa, kisha akaliacha bomu limlipue. Baadaye alimwambia Truffaut kwamba lilikuwa kosa kubwa. Watazamaji walikuwa wamekwisha kumpenda yule mtoto. Walitesekea kumwokoa, na malipo yao yakawa maiti. Ukiua mtu baada ya kutubana kiasi hicho, uwe na sababu ambayo msuko hauwezi kuishi bila yake.

Dalili: Katikati inasinzia

Mwanzo una nguvu, mwisho una nguvu, ila kuanzia dakika ya 40 mpaka ya 70 unaona vichwa vinainama. Vyanzo viko vitatu, na mara nyingi vinakuja pamoja.

Cha kwanza ni urithi wa soko. Kwa miaka mingi picha zetu ziliuzwa Kariakoo kwa sehemu mbili, diski ya kwanza na ya pili, na hadithi ya dakika 80 ikavutwa ijaze zote. Ndipo tukazoea gari linalotoka getini Mbezi Beach, likaendeshwa wimbo mzima, likaegeshwa, mtu akashuka, akafunga mlango, akapandisha ngazi. Diski zimekwisha lakini mkono wa mwandishi bado una mazoea yale. Dawa yake ni mkasi. Kata mwanzo na mwisho wa kila sini mpaka ianze kuuma, kisha rudisha kidogo.

Cha pili ni vikwazo vya uzito mmoja. Karani anafukuzwa Kurasini, anatoroka. Anafukuzwa Mtoni, anatoroka. Anafukuzwa Tandika, anatoroka. Umebadilisha lokesheni, hujabadilisha hali. Jaribu kuisimulia picha yako kwa mdomo, usikilize unaunganisha sini kwa neno gani. Ukijisikia unasema "halafu… halafu… halafu", unazo sini zilizopangwa foleni. Ukisema "kwa hiyo" na "lakini", una msuko. Karani anapiga picha ile karatasi ya mzigo. Kwa hiyo msimamizi anaona kwamba imeguswa. Kwa hiyo anampigia shemeji. Lakini simu inapokelewa na dada.

Cha tatu ndicho kibaya zaidi: mlango wa nyuma uko wazi. Jiulize swali la kishamba kabisa. Kwa nini huyu binti asipande basi akaenda kwa mama yake Korogwe, yakaisha? Kama huna jibu, mtazamaji analo, na analisema kwa sauti. Kila sini ya katikati ifunge mlango mmoja, na ufungwe na kitendo cha stelingi mwenyewe. Dakika ya 20 anasaini, kwa woga, huku msimamizi kamsimamia kichwani. Kuanzia hapo polisi si mahali pa kukimbilia tu, maana saini ni yake. Dakika ya 38 anamwambia dada yake nusu ya ukweli. Sasa akiondoka, dada anabaki ndani ya nyumba na mtu anayejua kwamba dada anajua. Korogwe imefungwa, na hatukuhitaji kumfunga binti kamba kwenye kiti.

Ukifunga milango hiyo miwili sawasawa, hata zile fukuza-fukuza za Mtoni na Tandika unaweza kubaki na moja tu.

Dalili: "Mbona hapigi simu?"

Ukisikia swali hili chumbani, usijibu kwa chaji iliyokwisha. Simu inayozima penye hatari imechosha, na mtazamaji wa Dar anajua kwamba kila kona kuna duka lenye sehemu ya kuchajia.

Mpe simu, mpe chaji, mpe salio. Fanya kupiga ndiko kuwe hatari. Karani akimpigia dada, simu ya dada iko mezani mbele ya shemeji na jina litaonekana. Akitumia laini mpya, laini hapa nchini zinasajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo ataacha jina lake hukohuko. Akiazima simu ya wakala, wakala atajua namba aliyoipiga, na wakala huyo ni jirani wa shemeji. Swali la mtazamaji linageuka kutoka "mbona hapigi" kuwa "usipige, mama, usipige!"

Dalili: Kuna muda wa mwisho, lakini hakuna anayeuhisi

Mwandishi ameandika "kontena linatoka kesho alfajiri", akadhani ameweka saa. Ameweka tarehe. Saa ni kitu ambacho mtazamaji anaweza kukiangalia kikipungua.

Mfano wa darasani ni High Noon ya mwaka 1952. Wahalifu wanamngoja mwenzao anayeingia na treni ya saa sita mchana. Picha ina dakika 85 na hadithi yake inakwenda karibu sawa na muda huo, na saa za ukutani zinarudishwa machoni mwetu tena na tena. Kila mtu anayemkatalia msaada mkuu wa polisi amekula dakika ambazo tumeziona zikipita.

Huna haja ya kubandika saa ukutani kila sini. Mji huu una saa zake nyingi na hazilipiwi. Ipo adhana ya magharibi, ambayo hapa kwetu haihami sana mwaka mzima, kwa hiyo kila mkazi akiisikia anajua giza liko mlangoni. Upo mlango wa pantoni pale Magogoni unaoanza kupandishwa huku watu bado wanakimbia. Na ipo mita ya umeme, ya LUKU: mwonyeshe karani akiitazama dakika ya 30, uniti zimebaki chache na dada anasema atanunua kesho, basi usiku wa tukio, kila taa inayowashwa ndani ya nyumba ile inahesabika. Umeme ukikatika hapo hakuna atakayesema ni mwandishi aliyeukata.

Jiografia nayo ina adhabu. Watazamaji wako wanapanda mwendokasi na daladala kila siku. Ukimtoa karani Mbagala saa kumi na moja jioni na kumfikisha Mwenge baada ya mkato mmoja akiwa hana hata jasho, umewaambia kwamba muda kwenye picha hii hauna maana, na hawatauogopa tena. Foleni ni taharuki ya bure. Mweke ndani ya daladala isiyosogea, adui yuko kwenye bodaboda inayopita katikati ya magari, na sasa dakika kumi za kutotembea zinasisimua kuliko kukimbia.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, tumia bonde la Jangwani. Mvua kubwa ikinyesha, Mto Msimbazi hufurika na barabara ya Morogoro hufungwa pale bondeni. Kila mtu mjini anajua. Lakini mvua hiyo ianze kunyesha mapema, dakika ya 15, ikiwa kero tu ya kulowesha nguo zilizoanikwa. Itakapofunga barabara dakika ya 85, mtazamaji atajilaumu mwenyewe kwa kutoliona.

Dalili: "Stelingi hafi"

Hili tumelisema tangu utotoni mbele ya kila kioo, na ni kweli. Mtazamaji akishamtambua stelingi, bastola zote zinazomwelekea ni za plastiki. Waandishi wengi hujibu kwa kuongeza bastola.

Njia moja ni kumuua. Psycho ya mwaka 1960 inafanya hivyo kabla haijafika nusu: mwanamke tuliyemfuata tangu sini ya kwanza anauawa bafuni, na baada ya hapo mtazamaji hana pa kushika. Muda mfupi baadaye yanafuata mambo yanayonishangaza zaidi kuliko bafu lenyewe. Kijana anayesafisha ushahidi anasukuma gari la marehemu kwenye kinamasi. Linazama, linazama, linasimama. Kwa sekunde chache halizami. Na mtazamaji, ambaye amempoteza stelingi sasa hivi, anajikuta anabana pumzi akitaka gari lizame. Taharuki haikuhitaji mtu mwema. Ilihitaji mtu mwenye kazi ngumu isiyokamilika, na sisi tukiitazama kutoka alipo yeye.

Kumuua stelingi katikati ni dawa kali, na ukiinywa bila mpango picha inabaki yatima. Njia ninayoipenda ni kutoa uhai kwenye mizani na kuweka kitu ambacho picha inaweza kweli kukipoteza. Karani hatakufa, sawa. Lakini dada je? Ndoa ya dada, ambayo mama yao aliililia mpaka ikafungwa? Je, dada atamwamini mdogo wake au mume wake? Hapo hakuna sheria ya stelingi inayomlinda mtu. Mtazamaji amewaona ndugu wakikatana moja kwa moja kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na hana uhakika wowote.

Kwa hiyo ukirudi kwenye skripti, tafuta dakika kumi za mwanzo. Umewahi kutuonyesha dada hawa wawili wakiwa na raha? Sini moja tu, wanasukana nywele kibarazani, mkubwa anamcheka mdogo kwa kuogopa chanuo. Kama haipo, hakuna cha kupoteza, na kilele chako kitakuwa kelele za watu wasiotuhusu. Waongozaji wengi huikata sini ya namna hii kwa sababu "haina tukio". Ikatwe ya gari la Mbezi Beach.

Dalili: Kwenye kilele watu wanacheka

Chanzo ni sadfa ya kuokoa. Polisi wanatokea bila kuitwa, adui anajikwaa, mlinzi wa geti kumbe ni askari kanzu. Sadfa inayomwingiza stelingi matatani inakubalika, hata mbili. Maisha ndivyo yalivyo. Inayomtoa haikubaliki hata moja.

Kitu kitakachomwokoa kipandwe mapema, na kisipandwe kwa kukitolea macho. Kipe kazi nyingine. Ufunguo wa stoo ya dada tuuone kwanza kwenye ugomvi wa kwamba karani anaupoteza kila mara. Watu wanakumbuka ugomvi, ufunguo unaingia kimyakimya. Kitu kilichoonyeshwa kwa karibu na mlio wa "teeen!" kimekwisha kujitangaza.

Na kama kilele chako ni "kumbe ilikuwa ndoto", siwezi kukusaidia.

Dalili: Muziki unapiga kelele peke yake

Zima sauti yote uitazame sini. Kama taharuki imetoweka, haikuwepo. Muziki ulikuwa unaidai tu.

Muziki nao ni habari, kama ile bahasha ya getini. Katika Jaws (1975), papa wa mitambo alikuwa akiharibika mara kwa mara wakati wa kupiga picha, kwa hiyo kwa muda mrefu haonekani. Zile noti mbili za mtunzi John Williams ndizo zinazotuambia yupo. Lakini angalia wanavyozitumia kwa uaminifu. Watoto wawili wanapowatania watu ufukweni kwa pezi la bandia, muziki ule haulii. Mtazamaji hajui kwa nini hakuamini kabisa, ila sikio lake lilijua. Kwenye picha zetu muziki wa hatari unalia mpaka mtu akifungua friji. Muziki ukilia kila mahali, siku ya papa hakuna atakayeusikia.

Dalili: Inabana mwanzo mwisho, watu wametoka wamechoka

Mbavu haziwezi kukazwa saa moja na nusu. Weka mahali pa kushusha pumzi: konda mwenye mdomo, mama ntilie anayemdai karani wali wa juzi. Kicheko kikimalizika, ongeza msumari mmoja mara moja, kabla mtu hajajiegemeza vizuri. Zaidi ya hapo dalili hii ni nadra kwetu. Tunaugua ugonjwa wa upande wa pili.

Kama mmeshapiga picha na fedha zimekwisha

Wengi wataufungua mwongozo huu wakiwa hapa, vifaa vimerudishwa kwa mwenyewe na waigizaji wamesharudi kwenye shughuli zao. Bado mengi yanatibika kwenye uhariri.

Hitilafu ya kuficha ndiyo nyepesi kuliko zote. Sini ya ufichuzi iliyoko dakika ya 80 inaweza kuhamishwa mbele, nzima au kipande, mradi nguo na nywele za waigizaji zisikusute. Ikikosekana, piga kipande kimoja cha mikono tu: bahasha inapita dirishani, na pete ya shemeji inaonekana. Mkono wa mtu yeyote mwenye umbo linalofanana unatosha, na pete mnayo. Au rekodi sauti ya simu: msimamizi anaongea, upande wa pili tunasikia sauti ya shemeji, huku kwenye kioo tukimwona karani akifua uani bila habari.

Saa inapandikizwa pia. Mita ya LUKU haihitaji mwigizaji. Wala pantoni, wala mawingu juu ya Jangwani. Simu nzuri na asubuhi moja zinatosha, mkiangalia tu mwanga ulingane.

Vya kuhofia kwenye mizani vinategemea mlichonacho kwenye makapi ya uhariri. Pekueni vipande mlivyotupa, hasa vile ambavyo waigizaji wawili wanasubiri kuitwa wakitaniana. Kipande cha namna hiyo, kikiwekwa dakika ya 8 bila maneno, kimewahi kufanya kazi ambayo kurasa tano za maongezi zilishindwa.

Mlango wa nyuma ndio hauzibiki kwa mkasi. Kama karani hajatenda jambo linalomnyima pa kukimbilia, hakuna mpangilio wa vipande utakaomtendea. Hapo ombeni siku moja ya nyongeza, na msiitumie kwa kufukuzana wala kwa bastola. Meza, karatasi ya mzigo, kalamu, msimamizi nyuma yake, na binti anasaini.